Mfumo wa Jua: Maswali Ambayo Wanafunzi Huuliza

Mfumo wa Jua ni nini?
Ni Jua pamoja na vyote vinavyoshikwa na mvuto wake: sayari nane, miezi, sayari kibete, asteroidi na nyota zenye mkia. Zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo huu imo ndani ya Jua lenyewe. Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari za miamba. Mshtarii na Zohali zimejaa gesi. Uranusi na Neptuni ziko mbali, kwenye baridi kali.

Kwa nini Dunia haiangukii Jua?
Kwa sababu ya kasi. Dunia hukimbia takriban kilomita 30 kila sekunde. Jua huivuta bila kukoma, lakini kwa kasi hiyo mvuto huishia kuipindisha njia yake, ikabaki inazunguka.

Je, sayari iliyo karibu zaidi na Jua ndiyo yenye joto kuliko zote?
Hapana. Zebaki iko karibu zaidi, lakini karibu haina hewa, hivyo usiku joto lake lote hupotea. Zuhura, ya pili, imefunikwa na hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayozuia joto lisitoke. Usiku na mchana uso wake hufikia nyuzi 460 hivi, joto linaloyeyusha madini ya risasi.

Pluto imekwenda wapi?
Ipo palepale. Mwaka 2006 wanaastronomia wa dunia walikubaliana kwamba sayari sharti iwe imetawala njia yake. Njia ya Pluto imejaa magimba mengine ya barafu, ndiyo maana sasa inahesabiwa miongoni mwa sayari kibete.

Mwanafunzi anaweza kujionea nini?
Mengi, ila Jua asilitazame kamwe, kwa macho wala kwa darubini: litampofusha. Huko Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Sayari tano huonekana kwa macho matupu, na Zuhura hung'aa kuliko zote, magharibi jioni au mashariki alfajiri. Ukipata darubini ya kutazamia wanyama mbugani, iegemeze ukutani uielekeze kwa Mshtarii. Utaona vinukta pembeni yake: hiyo ni miezi yake mikubwa, ambayo ni minne. Vichore leo, uvichore tena kesho, utakuta vimehama. Galileo alifanya hivyohivyo mwaka 1610, akathibitisha kwamba si kila kitu angani huizunguka Dunia.