Gia Ikigoma, Anza na Klachi Kabla ya Kushusha Giaboksi

Kuna mlio ambao mwenye gari la zamani akiusikia moyo humwenda mbio: krrr, pale anapotia gia namba 2. Ukikupata asubuhi unatoka Utemini, hapa Singida, kwenda sokoni, wazo la kwanza huwa ni kumwita fundi ashushe giaboksi. Gari linakaa juu ya stendi siku mbili, fedha zinatoka, giaboksi inarudishwa, na mlio uko palepale. Ugonjwa haukuwa mle. Ulikuwa kwenye klachi, au kwenye bushi ndogo ya plastiki chini ya liva.

Makala haya yanakupa mpangilio wa kutafuta tatizo la gia kwenye gari la spoti la zamani la gia za mkono, ukianza na kisichokugharimu kitu na kumaliza na cha gharama kubwa.

Magari yenye historia kwetu

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 washindi walikuwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell, wakiwa na Peugeot 404. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya lita 2.4. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa 240Z pia.

Magari hayo yalipigwa na vumbi, tope na mashimo, na giaboksi zake zilihimili. Gari la kizazi hicho likigoma gia leo, chuma cha ndani mara nyingi bado kina uhai. Kinachochoka kwanza ni mpira, plastiki na mafuta.

Mguu wako unafanya nini

Ukikanyaga klachi, pedeli husukuma bastola ndani ya silinda ya juu. Mafuta ya breki hupita kwenye bomba hadi silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma, uma husukuma beringi ya rilisi, presha pleti huachia, na diski ya klachi hutengana na flaiwili. Hapo ndipo gia huingia kwa amani. Diski isipotengana vizuri, shafti ya giaboksi huendelea kuzungushwa na injini, na gia hukwaruza hata kama ni nzima kabisa.

Vipimo vinne bila spana

Fanya vipimo hivi mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari.

1. Zima injini, kanyaga klachi, tia gia zote moja baada ya nyingine. Washa injini, liache gari lisimame palepale, urudie. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inawaka, shuku klachi. Zikigoma hali zote mbili, shuku liva, bushi zake au giaboksi.

2. Injini ikiwa inawaka, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu hadi tano, kisha tia rivasi taratibu. Rivasi ya magari mengi ya zamani haina sinkronaiza, yaani ringi inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, hivyo husema ukweli haraka. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, klachi haiachii.

3. Sikiliza ukiwa niutro. Mlio unaotokea ukikanyaga klachi na kupotea ukiachia huelekeza kwenye beringi ya rilisi. Unaosikika ukiwa umeachia na kupotea ukikanyaga huelekeza kwenye beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi.

4. Ukiwa barabarani, angalia kama ni gia moja tu inayokwaruza, hasa namba 2 unaposhuka kutoka 3, huku nyingine zikiingia vizuri. Hapo sinkronaiza ya gia hiyo inaelekea kuchoka.

Klachi isiyoachia

Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya klachi. Kama yamepungua, yamevujia mahali. Pitisha kidole juu ya pedeli, pale fimbo inapoingia ukutani. Ukikuta unyevu, mpira wa silinda ya juu umekufa. Kisha chungulia silinda ya chini na ufunue kofia yake ya mpira. Mafuta yakichuruzika humo, nayo imekwisha. Ikiwa moja imechoka, kagua na nyingine, kwa sababu umri wake ni uleule.

Jazia mafuta ya breki tu, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, aghalabu DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya haidroliki huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Pia hula rangi ya bodi. Yakimwagika, mwagia maji mara moja.

Pedeli ikiwa laini kama sponji, au klachi ikishika vizuri baada tu ya kuipampu mara kadhaa, kuna upepo kwenye mfumo. Kuutoa kunataka watu wawili. Fundi analala chini ya gari ameshika spana kwenye nipeli ya silinda ya chini, mpira mwembamba ukiingia kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Mzee, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo." Nipeli inafunguliwa, mapovu yanatoka, nipeli inafungwa. "Haya, achia taratibu."

Rudieni hadi mafuta yatoke bila povu, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja. Mkimaliza, mtu akanyage huku mwingine akitazama fimbo ya silinda ya chini. Kwenye magari mengi hutembea zaidi ya sentimita moja. Ikitembea kidogo mno, rekebisha fimbo ya pedeli kwa vipimo vya kitabu, au ubadilishe silinda. Kama gari lako linatumia waya, kagua kama umelegea au umeanza kukatika nyuzi.

Gari lililokaa muda mrefu chini ya mti, mvua zikalipitia, linaweza kuwa na diski iliyoganda na kutu kwenye flaiwili. Dalili yake ni kwamba pedeli inatembea vizuri, fimbo inatembea vizuri, lakini hakuna gia inayokubali injini ikiwa inawaka.

Liva, bushi na mipira

Liva inayochezacheza kama mwiko ndani ya sufuria imekula bushi. Ni kazi ya saa chache, na gharama yake haifanani hata kidogo na kufungua giaboksi. Kwenye Peugeot 404 liva iko kwenye usukani, hivyo kagua viungo vya fimbo zake hadi chini. Gia ikiruka yenyewe ukikanyaga au kuachia mafuta, tazama kwanza mipira inayobeba injini na giaboksi. Ikipasuka, mtambo mzima husogea na kuvuta gia.

Oili ya gia

Gia zikiwa ngumu asubuhi na kulainika gari likipata moto, angalia oili. Isome kwenye kopo kabla ya kununua. Giaboksi nyingi za zamani zina ringi za shaba kwenye sinkronaiza, na huhitaji daraja la GL-4. Viungo vya baadhi ya oili za GL-5 vinaweza kuzidhuru ringi hizo. Unapomwaga oili ya zamani, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga laini wa kung'aa ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha giaboksi ishuke. Oili chafu ihifadhi kwenye dumu. Mji wetu umekaa kati ya maziwa ya Kindai na Singidani, na mvua hubeba kinachomwagwa mtaani.

Ikibidi kushusha

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Weka stendi imara na kabari kwenye magurudumu. Diski za klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu, hivyo vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa na ukitupe kikiwa ndani ya mfuko. Kwa kuwa giaboksi iko chini, badilisha kwa pamoja diski, beringi ya rilisi na beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki. Unapoagiza vipuri Kariakoo, peleka kile cha zamani au namba yake.

Kabla ya Sekenke

Usipumzishe mguu juu ya klachi wala mkono juu ya liva, kwani vyote viwili husaga beringi na uma taratibu. Kwa sinkronaiza iliyochoka, jifunze kukanyaga mara mbili: kanyaga, weka niutro, achia, ongeza mafuta kidogo, kanyaga tena, tia gia ya chini.

Ukielekea Igunga, mlima Sekenke unakusubiri. Chagua gia ya chini ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, na usiteremke kwa niutro. Gia inayokataa kuingia katikati ya kona zile hukuachia breki peke yake, na breki za gari la miaka 50 zikipata moto huanza kupoteza nguvu. Kwa hiyo vile vipimo vinne vifanye nyumbani Utemini, siku moja kabla ya safari.