KIMPUTU NA KUTA ZA CHUMBA CHAKO

Kimputu ni kupe mdogo. Mchana hujificha ndani ya nyufa za ukuta na vumbi la sakafuni. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Aweza kuishi miaka bila kula. Kwa kuuma kwake hutuletea homa kali inayokoma baada ya siku chache, halafu inarudi tena. Mama mwenye mimba aweza kumpoteza mtoto kwa homa hii.

Waganga wawili, Dutton na Todd, walijifunza habari hii hapa Kongo. Wote wawili waliugua. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema yetu, mwezi wa Februari 1905, naye alikuwa na miaka 30 tu.

Basi, ziba nyufa. Kama hujapata kukandika ukuta, anza na chumba kidogo cha kulala.

1. Toa vitu vyote nje. Anika mikeka juani.

2. Kwangua udongo uliolegea, panua nyufa kidogo, fagia vumbi. Kisha lowesha ukuta, maana ukuta mkavu hunywa maji ya udongo mpya, nao huanguka.

3. Changanya udongo na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Jaribu kwanza mahali padogo, uache pakauke. Pakipasuka, ongeza mchanga. Pakibomoka kwa kuguswa, ongeza udongo.

4. Shindilia udongo ndani ya nyufa. Ukikauka, kandika ukuta wote, unene wa kidole, toka juu mpaka chini.

5. Huo nao ukikauka, paka udongo mwembamba wenye mchanga laini. Usisahau sakafu, wala pembe ambapo ukuta hukutana nayo.

Usilale humo mpaka pakauke kabisa. Ukuta mnene hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku, lakini acha dirisha, hewa ipite. Kila mwezi tazama kuta. Ukiona ufa mpya, uzibe siku ile ile. Weka kitanda mbali kidogo na ukuta.

Hata hivyo, udongo hauponyi mgonjwa. Homa ikikushika, nenda hospitali upesi; dawa iko. Ikikoma yenyewe, usiseme, "Nimepona."

MASWALI
1. Kimputu hukaa wapi mchana?
2. Kwa nini twatia mchanga katika udongo?
3. Chumbani mwako mna nyufa ngapi?