Gesi Ilalayo Sakafuni: Kufunga Jiko la Gesi Nyumbani

Mwanafunzi atokaye Kyela kwenda Tukuyu huacha tambarare yenye joto ya Ziwa Nyasa na kupanda katika nchi ya baridi iliyoumbwa na volkano. Huko Rungwe, kabonidioksidi, yaani hewa ya ukaa, hutoka ardhini yenyewe, na sehemu yake huvunwa na kutiwa mitungini kwa ajili ya vinywaji baridi. Mahali inapojitokea bila kuvunwa, hutuama mabondeni kama maji, na viumbe wadogo wanaoingia humo hufa. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambao nao huishi chini ya volkano, huiita gesi ya namna hiyo mazuku.

Kwa nini hutuama? Uzani wa molekuli ya kabonidioksidi (CO₂) ni 12 + 16 + 16, yaani 44, hali wastani wa hewa ni 29. Sasa tupige hesabu ya propani (C₃H₈), mojawapo ya gesi mbili zinazotiwa katika mitungi ya kupikia: 36 + 8 = 44. Jibu ni lile lile! Butani (C₄H₁₀), ambayo ndiyo ya pili, ina 58. Kwa hiyo gesi inayovuja jikoni huenda kama mazuku iendavyo, ila hii yaweza pia kulipuka.

Jambo hili lafaa kuzingatiwa wakati huu ambapo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Sisi tumezoea moshi wa kuni, ambao hupanda kwa kuwa ni wa moto. Nyumba za mianzi za zamani ziliupitisha kutani na paani. Nyumba za matofali ya kuchoma huutoa kwa dirisha. Lakini dirisha lililo meta moja juu ya sakafu haliwezi kuitoa gesi iliyolala chini yake.

Tuchukue chumba cha kupikia chenye meta 3 kwa 3 na kimo cha meta 2.5. Ujazo wake ni meta za ujazo 22.5. Propani huweza kushika moto inapofikia kiasi cha asilimia 2 ya hewa. Kama ingeenea sawasawa chumbani, zingehitajika takriban gramu 800. Ikilala katika sentimeta 25 za chini, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya chumba, gramu 80 zatosha. Na mtungi mdogo una gramu 6,000. Gesi hutiwa harufu kali ili itambulike, lakini pua ya mtu aliyesimama iko juu ya tabaka hilo. Mtoto atambaaye yumo ndani yake.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili bila hatari. Asimamishe mishumaa miwili, mfupi na mrefu, ndani ya beseni, kisha achanganye magadi na maji ya limau katika jagi na kumimina polepole gesi itokayo, si maji yake. Mshumaa mfupi hutangulia kuzimika. Kamwe asitumie gesi ya kupikia kwa jaribio hili.

Basi chumba kiwe na tundu la hewa karibu kabisa na sakafu, litokezalo nje moja kwa moja, na jingine karibu na dari. La juu lina kazi yake: kilo moja ya propani huhitaji kiasi cha meta za ujazo 13 za hewa ili iungue, zaidi ya nusu ya hewa ya chumba chetu. Hewa ikipungua, mwako hutoa kabonimonoksidi, isiyo na harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Meko ya gesi ya kupashia nyumba joto katika nchi za Ulaya hufungwa pamoja na njia ya kutolea moshi nje. Jiko letu la kupikia halina njia hiyo, kwa hiyo lisiwashwe chumbani usiku kuondoa baridi ya Tukuyu mwezi wa Juni. Wala jiko la mkaa lisiingizwe humo.

Mtungi ukae nje, wima, kivulini, mbali na mashimo na mifereji. Maungio ya mpira yapakwe povu la sabuni. Panapotokea mapovu pana uvujaji. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima, kwani cheche yake yatosha.

Kwa Kyela kuna jambo moja zaidi, ambalo maelekezo ya kawaida hulisahau. Mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika. Mtungi wa kilo 15 uliojaa una uzito wa kilo 30 hivi pamoja na chuma chake, nao husukuma maji yapatayo lita 36. Kwa kanuni ya Archimedes, mtungi huo utaelea, utavuta mpira na kuung'oa. Ujengewe kizingiti cha matofali kilicho juu ya alama ya mafuriko yaliyopita, kisha ufungwe ukutani kwa mnyororo.