Kadi ya Bima Dukani: Gharama Isiyoonekana

Mkaazi mwenye kadi ya bima anapofika duka la dawa na cheti cha daktari, huondoka na dawa bila ya kutoa fedha. Hata hivyo, dawa hiyo ina gharama. Duka ndilo lililotanguliza fedha, nalo husubiri kurejeshewa.

Utaratibu huu umekuwa sehemu ya maisha yetu tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulipoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2023. Ni vyema tuufahamu.

Kwanza, muuzaji huhakiki uanachama. Pili, huangalia iwapo dawa imo katika orodha inayolipiwa na bima. Tatu, hukagua jina, tarehe, ugonjwa na saini ya daktari. Nne, huingiza taarifa hizo katika mfumo. Mwisho hutuma madai, kisha husubiri malipo, hali ya kuwa muuzaji wa jumla naye anamdai.

Tuchukue hesabu ya mfano. Ikiwa kila cheti cha bima kinaongeza dakika 6 za kazi, vyeti 40 kwa siku ni dakika 240, yaani saa 4. Tena, dawa iliyonunuliwa kwa shilingi 7,500 na kulipiwa shilingi 9,000 ina faida ya shilingi 1,500. Madai yakikataliwa kwa kukosekana saini tu, duka limepoteza shilingi 7,500, sawa na faida ya vyeti 5.

Duka kubwa huweza kuajiri karani wa madai. Duka dogo la mtaani lenye muuzaji mmoja huenda likaacha kupokea bima. Hapo atakayeumia ni mzee wa Jang'ombe anayehitaji dawa za shinikizo la damu kila mwezi: atoe fedha mfukoni, afuate duka la mbali, au akose dawa.

Mkaazi anaweza kusaidia kwa mambo manne:

1. Kabla ya kuondoka kituo cha afya, hakikisha cheti kina jina lako kama lilivyo kwenye kadi, tarehe na saini ya daktari.
2. Nenda dukani na kadi yako mwenyewe, usimuazime mtu.
3. Hesabu dawa kwanza, ndipo utie saini.
4. Ukikataliwa dawa, uliza sababu. Ikiwa kosa limo kwenye cheti, kirudishe kwa daktari kirekebishwe.

Cheti kilichokamilika humlinda muuzaji, na humhifadhia jirani duka lililo karibu naye.