Shahada ya Mtandaoni Haina Aibu, Ila Kagua Kwanza

Mdogo wangu, unaogopa kwamba ukisomea mtandaoni utaonekana umesoma nusunusu mbele ya wenzako waliokaa chuoni Mlimani miaka mitatu. Ondoa hofu hiyo. Nelson Mandela alisoma sheria akiwa gerezani, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akatunukiwa shahada mwaka 1989. Nani aliwahi kuidharau?

Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Kenya nao walipata chao, kule Konza, mwaka 2023. Shahada za vyuo hivi ni shahada kamili.

Mimi ninachokiogopa ni lile tangazo la WhatsApp linalokuahidi shahada ya uzamili kwa miezi mitatu, kutoka chuo cha ng'ambo ambacho jina lake linakaribiana na la chuo maarufu. Kabla hujatuma hata shilingi, fungua tovuti ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ulitafute jina hilo herufi kwa herufi. Kama chuo ni cha nje, waandikie TCU uwaulize kama wanazitambua shahada zake, na jibu lao ulitunze. Usikubali kuambiwa na wakala kwamba "hayo tutayashughulikia baadaye".

Sasa tuje kwako. Una mtoto mchanga, kazini unatoka jioni, na bado kuna foleni ya kurudi Mbagala. Masomo ya mchana huyawezi, na sioni kwa nini ujilaumu. Lakini kaa na mumeo kabla ya kujisajili, mkubaliane nani atambeba mtoto ukiwa na mtihani na fedha ya bando itatoka wapi. Masomo ya video yapakue mapema, maana umeme ukikatika usiku wa kuamkia jaribio, mwalimu hatakuwepo kukuhurumia.

Kwa wanaotaka uuguzi au udaktari, nasema wazi: mkono haujifunzi kuchoma sindano kwa kutazama simu. Nendeni wodini.

Na wewe uliyemaliza kidato cha sita juzi, wazazi wako wakiweza kulipa, nenda ukakae darasani. Ukabishane na wenzako, uzoeane na wahadhiri. Mara nyingi watu hao ndio watakaokushtua kazi ikitangazwa.

Mdogo wangu wa Mbagala, wewe jiunge na masomo ya mtandaoni. Ila nitumie kwanza jina la chuo, kabla hujalipa ada.