Msaada wa Matibabu ya Moyo kwa Watoto: Maswali ya Wazazi wa Shinyanga na Geita

Kila timu ya madaktari wageni inapofika Kanda ya Ziwa, wazazi huuliza maswali mengi, na wana haki ya kujibiwa. Hapa tunajibu yale yanayojirudia kuhusu msaada unaotoka kwa madaktari wa Israeli, na hatua za kufuata ukiwa na mtoto mgonjwa.

Ni msaada gani huo?
Unatolewa na shirika la hisani liitwalo Save a Child's Heart, lenye makao katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, Israeli. Lilianzishwa mwaka 1995 na daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, Ami Cohen, aliyefariki mwaka 2001 akipanda Mlima Kilimanjaro. Watoto wa Tanzania Bara na Zanzibar ni miongoni mwa maelfu waliotibiwa nalo.

Kwa nini Wayahudi wahangaikie watoto wasio wao?
Katika mapokeo ya Kiyahudi, kutoa ni wajibu. Si jambo la kusubiri hadi mtu ajisikie kutoa. Torati iliamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, bali awaachie maskini na mgeni, na aliyesoma Kitabu cha Ruthu anaijua desturi hiyo ya kuokota masazo. Rabi Musa bin Maimon, aliyekuwa pia tabibu na kufariki Misri mwaka 1204, alipanga utoaji katika ngazi 8. Ya juu kabisa ni kumwezesha mtu asimame mwenyewe kwa mkopo, ubia au kazi, asihitaji tena kuomba.

Kwa maoni yetu, ngazi hiyo ya juu ndiyo iliyotufaa zaidi hapa. Daktari Godwin Godfrey, kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, alisomea Israeli upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kuwatibu Watanzania wenzake. Ndege ikimpeleka mtoto mmoja imemsaidia huyo mmoja. Daktari aliyefundishwa anabaki na ujuzi wake, na kuwafundisha wengine.

Ni kweli wanachukua viungo, au wanabadilisha watoto dini?
Hapana. Sehemu kubwa ya watoto waliotibiwa na shirika hilo ni Wapalestina, na dini ya mtoto si sharti la kupata matibabu. Tunaelewa hofu hii inakotoka: mikoa yetu imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, na mzazi anayeuliza anamlinda mwanawe.

Nina haki gani kabla ya kutia saini?
Una haki ya kuelezwa ugonjwa, upasuaji na hatari zake kwa lugha unayoielewa, na ya kukataa bila mtoto kunyimwa huduma nyingine. Kama ni safari, uliza nani atasafiri naye, atakaa wapi na mtawasiliana vipi. Siku hizi watoto wengi hawahitaji kwenda nje, kwa kuwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya upasuaji huo.

Nitajuaje kama mtoto wangu ana tatizo la moyo?
Mchanga huchoka na kutoka jasho anaponyonya, haongezeki uzito, anapata nimonia mara kwa mara, au midomo na kucha zinakuwa za bluu. Mkubwa huishiwa pumzi wenzake wakiendelea kucheza. Baadhi huzaliwa na tundu kwenye moyo. Wengine moyo huharibika baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa kwa dawa sahihi, yakaathiri valvu, yaani milango midogo inayopitisha damu ndani ya moyo.

Wengine wanashauri akatwe kimeo. Je, inasaidia?
Haisaidii. Kukata kimeo hakutibu kikohozi wala moyo, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi makali. Aliyekushauri huenda alikutakia mema. Hata hivyo, mpeleke mtoto zahanati.

Nianzie wapi?
Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa, yaani barua ya kukupeleka hospitali ya juu: kwanza ya wilaya au mkoa, kisha Bugando au Chato. Nenda na kadi ya kliniki. Familia za wachimbaji wadogo huhama kutoka machimbo hadi machimbo, kadi ikapotea njiani. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na nyaraka zako nyingine, maana mstari wa uzito ulioshuka miezi mitatu mfululizo humweleza daktari mambo mengi.

Na kama sina fedha?
Kwa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka 5 husamehewa gharama katika vituo vya umma. Kwa mkubwa, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali akufanyie tathmini. Mtu akikudai fedha ili jina liingie kwenye orodha ya madaktari wageni, usitoe. Piga TAKUKURU 113, bila malipo.

Nataka kuchangia. Nifanyeje?
Picha za watoto wagonjwa zenye namba ya simu husambaa sana WhatsApp, na baadhi ni za utapeli. Thibitisha kwanza kwa ustawi wa jamii wa hospitali inayotajwa, na usisambaze picha ya mtoto bila ridhaa ya mzazi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Bin Maimon naye alimsifu mtoaji asiyejulikana na anayemsaidia.

Damu pia ni mchango, tena upasuaji wa moyo hauendi bila damu. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, unaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mgonjwa hauziwi damu. Fika hospitali ya wilaya au mkoa iliyo karibu nawe, au piga 199 uelekezwe.