Dumu la Dizeli Nyumbani: Chombo, Mpira na Mapafu

Msimu wa kulima unapokaribia, kaya nyingi zenye trekta au pawatila, ziwe za Kilombero, Mbarali au Kiteto, huanza kuweka mafuta nyumbani. Kituo cha mafuta, au sheli kama wengi tunavyokiita, mara nyingi kiko mbali na shamba, na trekta haliwezi kutembea kilomita nyingi kila siku kwa ajili ya kujaza tangi lake. Kwa hiyo dizeli huja nyumbani ndani ya madumu, juu ya pikipiki au mkokoteni, kisha huwekwa stoo, uvunguni mwa kitanda, au jikoni karibu na ndoo za maji. Jambo hilo ni hitaji la kazi, wala makala haya hayakusudii kulilaumu. Linalotuhusu sisi wa upande wa afya ni maswali mawili ambayo ni nadra kuulizwa kliniki: mafuta hayo yamo ndani ya chombo gani, na hutolewaje humo?

Tunashikilia kwamba mafuta hayapaswi kamwe kutiwa katika chombo ambacho mtu amezoea kukinywea au kukipikia, na hayapaswi kamwe kuhamishwa kwa nguvu ya mdomo. Kaya ikiyatimiza hayo mawili, sehemu kubwa ya madhara tutakayoyaeleza haitatokea.

Madhara yaliko

Watu wengi wanaamini kwamba anayemeza mafuta ya taa, petroli au dizeli hudhurika tumboni. Imani hiyo ndiyo inayomfanya mama ampe mtoto maziwa kwa wingi, au amtie kidole kooni atapike. Ukweli ni kwamba tumbo huyastahimili mafuta haya kwa kiasi fulani. Kiungo kisichoyastahimili ni pafu. Mafuta haya ni mepesi na hutambaa upesi juu ya kila kinachogusana nayo. Yanapopita kooni, tone dogo huteleza na kuingia katika njia ya hewa, na kiasi kisichofikia hata mililita moja chaweza kusambaa katika sehemu kubwa ya pafu. Humo huharibu utando mwembamba unaovizuia vifuko vya hewa visisinyae. Vifuko hujikunja, hujaa majimaji, na mgonjwa huanza kuhangaikia pumzi. Hii ni nimonia isiyoletwa na kijidudu chochote, walau mwanzoni. Mafuta ya taa na petroli, kwa kuwa ni mepesi zaidi, ni ya hatari zaidi kwa njia hii kuliko dizeli. Lakini anayeinyonya dizeli kwa mpira huiingiza mdomoni pamoja na pumzi aliyoivuta, na hapo tofauti hiyo haimsaidii sana.

Waathirika ni wa aina mbili, na wanafika kituoni kwa sura tofauti. Wa kwanza ni mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Ameona chupa ya maji, ameona kimiminika ndani yake, ana kiu, na hajui kusoma. Mafuta ya taa hufanana na maji, na dizeli katika chupa ya soda hufanana na soda. Harufu peke yake haimzuii mtoto wa umri huo; aghalabu huwa ameshapiga funda moja kabla ya kushtuka, na kule kushtuka, kwa kikohozi na kupaliwa, ndiko kunakoyapeleka mafuta mapafuni.

Wa pili ni mtu mzima, mara nyingi dereva au kijana msaidizi wake, ambaye huingiza mpira ndani ya dumu, huuvuta kwa mdomo mpaka mafuta yaanze kushuka, kisha hutema na kuendelea na kazi. Siku moja havuti kwa kipimo. Anakohoa sana, anapata nafuu, anarudi shambani. Jioni au kesho yake anakuja na homa, maumivu ya kifua na pumzi fupi. Anaandikiwa nimonia, anapewa antibiotiki, na hakuna anayemuuliza anafanya kazi gani. Yeye mwenyewe haoni kama kuna la kusema, kwa kuwa kunyonya mafuta ni sehemu ya kazi aliyoikuta wakubwa wake wakiifanya.

Chombo kinachofaa

Chombo chema cha dizeli hukidhi mambo kadhaa: hakiyeyushwi na mafuta, hakivuji, hufungwa kwa kifuniko cha nyuzi chenye mpira wa kuzibia, na, zaidi ya yote, hakifanani na chombo cha maji wala cha chakula.

Madumu ya chuma ya lita 20 yenye mikono mitatu juu yake ni miongoni mwa vyombo bora vilivyowahi kubuniwa kwa kazi hii. Yalibuniwa na Wajerumani kwa ajili ya jeshi lao katika miaka ya 1930, na jina jerikeni limetokana na neno la utani ambalo askari wa Kiingereza waliwaitia Wajerumani. Mikono ile mitatu haikuwekwa kwa urembo: humwezesha mtu mmoja kubeba madumu mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili kushika moja lililojaa. Na umbo lake huacha nafasi ya hewa juu, kwa sababu mafuta hutanuka yapatapo joto. Dumu lolote, liwe la chuma au la plastiki, lisijazwe hadi mdomoni; sehemu moja kati ya ishirini iachwe tupu.

Kwa plastiki, tazama chini ya chombo. Chupa za maji na soda huwa na namba 1 ndani ya pembetatu. Hizo ni laini, hupasuka, na vifuniko vyake havikukusudiwa kuzuia mafuta wala mvuke. Madumu mazito ya mafuta huwa na namba 2. Lakini hapa pana mtego: dumu la njano la mafuta ya kupikia nalo aghalabu ni namba 2, na kwa uimara wake laweza kabisa kubeba dizeli. Ubaya wake ni kwamba kila mtu nyumbani amezoea kuliona likiwa na maji au mafuta ya kula. Isitoshe, plastiki hunywa mafuta. Dumu lililowahi kubeba dizeli halirudi kuwa la maji, hata lisuguliwe kwa mchanga na sabuni mara ngapi. Yaliyoingia katika kuta zake yataendelea kutoka kidogo kidogo. Kwa hiyo nunua dumu la rangi usiyoitumia kwa jambo jingine nyumbani. Nchini Marekani, kwa desturi, chombo chekundu ni cha petroli, cha buluu ni cha mafuta ya taa, na cha njano ni cha dizeli. Kwetu njano ni rangi ya mafuta ya kula, hivyo kuiga desturi hiyo kungeleta balaa badala ya usalama. Kila kaya ichague rangi yake, iandike DIZELI kwa rangi isiyofutika, na ichore alama ambayo hata asiyesoma ataielewa.

Ndoo na madebe ya bati yaliyopakwa zinki hayafai kuhifadhi dizeli kwa muda mrefu. Zinki huungana na asidi ndogondogo zilizomo katika dizeli na kutoa uchafu mfano wa sabuni, ambao huziba chujio la trekta. Daktari aweza kuuliza hilo lamhusu nini. Lamhusu hivi: chujio likiziba, dereva hufungua mabomba, hunyonya na hupuliza kwa mdomo ili kuondoa uchafu. Vivyo hivyo dumu lililoingia maji ya mvua huota utando mweusi wa vijidudu wanaoishi mpakani mwa maji na dizeli, na matokeo yake ni yale yale.

Ukubwa nao ni suala la afya. Lita 20 za dizeli zina uzito wa takribani kilo 17, na tangi la trekta liko juu, usawa wa kifua au zaidi. Anayenyanyua uzito huo peke yake hujimwagia. Madumu ya lita 10 humfaa zaidi mtu anayefanya kazi peke yake. Mwenye pipa la lita 200 asiliinamishe. Anunue pampu ya mkono ya kuzungusha inayofungwa mdomoni mwa pipa. Kwa dumu dogo ipo pampu ya plastiki ya kubonyeza, ambayo huanzisha mtiririko bila mdomo kugusa mpira. Tukilazimika kushauri kitu kimoja tu cha kununua, tungeshauri hiyo pampu, hata kabla ya dumu jipya.

Vifuniko vigumu kwa watoto si anasa. Katika wilaya ya Gelukspan, Afrika Kusini, familia ziligawiwa vyombo 20,000 vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vya namna hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba matukio ya watoto kunywa mafuta yalipungua kwa takribani nusu. Hakuna dawa tuliyo nayo wodini inayokaribia kufanya hivyo.

Moto, na hasa mvuke

Dizeli safi haishiki moto kwa urahisi katika joto la kawaida, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche pale tu dizeli inapofikia nyuzi joto 52 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, na waweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na dumu lenyewe. Ajali ya lori la mafuta ya Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, iliyoua zaidi ya watu 100 waliokuwa wakichota petroli kwa madumu, ilionyesha kwa uchungu jinsi mvuke usivyosubiri.

Hatari kubwa ya nyumbani ni mchanganyiko. Dumu lililokuwa na petroli likitiwa dizeli, mabaki machache ya petroli huifanya dizeli yote ishike moto kwa urahisi, na umeme tuli unaozaliwa na mafuta yanayotiririka waweza kutoa cheche. Mafuta hayo hayo yakitiwa katika jiko la mafuta ya taa, jiko hulipuka. Dumu moja, mafuta ya aina moja. Wakati wa kujaza kituoni, teremsha dumu kutoka kwenye gari au pikipiki, liweke chini kwenye ardhi, na mdomo wa bomba uguse ukingo wa dumu. Pipa tupu nalo lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke na hewa. Mafundi wanaokata mapipa kwa moto ili watengeneze majiko na makarai wamekuwa wakifa kwa sababu hiyo.

Mafuta yakimezwa au kumwagika

Nyumbani, aliyekunywa au kunyonya mafuta asitapishwe. Asipewe maziwa, mafuta ya kula wala mkaa. Avuliwe nguo zilizolowa, mbali na moto, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe kituoni hata kama kikohozi kimekoma. Chombo chenyewe kiletwe pamoja naye. Aliyeungua apoze jeraha kwa maji yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala yai.

Kituoni, tumbo lisioshwe kwa mpira na mkaa-dawa usitolewe, kwa kuwa vyote huongeza uwezekano wa kutapika na kupaliwa. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi kabla ya 5 anayepumua mara 40 au zaidi, ana dalili ya hatari. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, apewe oksijeni na apewe rufaa. Asiye na dalili yoyote abaki chini ya uangalizi kwa saa 6. Picha ya kifua iliyopigwa mapema mno yaweza kuonekana safi na kumdanganya mtabibu. Homa ya siku ya kwanza si ushahidi wa bakteria, hivyo antibiotiki zisiwe jambo la kwanza, na steroidi hazijaonyesha faida.

Andika katika jalada aina ya mafuta, aina ya chombo, na namna yalivyofika mdomoni. Muulize mzazi kimebaki nini nyumbani, maana mara nyingi chupa ya pili bado iko pale pale, na yuko mdogo wa mgonjwa anayetambaa.

Dumu lililochakaa, lenye ufa au kifuniko kisichokaza tena, limwagwe mabaki yake katika tangi la trekta kupitia chujio, kisha litobolewe matundu pande zote kabla ya kutupwa, ili asije mpita njia akaliokota na kulitekea maji.